Vidonge vya homoni, kitanzi chenye homoni au kutolewa kizazi: kulinganisha maudhi na madhara katika saratani changa ya mji wa mimba

Mwanamke anayeambiwa kwamba ana saratani ya mji wa mimba iliyo changa, huku bado akitaka kuzaa, hupewa uamuzi mzito na muda mfupi wa kuufanya. Tiba iliyozoeleka, ambayo ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa nyingine yoyote, ni kutolewa kizazi pamoja na mirija na ovari. Tiba ya homoni ni njia ya wachache wanaostahili, yaani wale ambao saratani yao ni ya aina ya endometrioidi ya daraja la kwanza, ambapo seli bado zinafanana sana na seli za kawaida, na ambao picha ya MRI imeonyesha kwamba ugonjwa umebaki kwenye ukuta wa ndani bila kupenya msuli wa kizazi wala kufika kwenye ovari. Wenye hali inayotangulia saratani, ambapo ukuta huo umenenepa na seli zake zimeanza kupotoka, hutibiwa kwa dawa hizohizo.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja unaosumbua sana katika mazungumzo yetu. Watu wengi wakisema "saratani ya kizazi" humaanisha saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania na inayosababishwa na kirusi cha HPV. Huo ni ugonjwa mwingine, na tiba ya homoni inayozungumziwa hapa haina kazi kwake. Mtu asimpe dada yake ushauri kuhusu vidonge hivi kabla ya kujua majibu ya kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye sehemu yenye ugonjwa na kuchunguzwa maabara, yameandika nini.

Wauguzi wa kliniki za uzazi wa mpango wana msemo wa "maudhi madogo madogo", na nitauazima kwa sababu unasaidia kupambanua. Maudhi ni yale yanayokera bila kuhatarisha maisha: chunusi, matiti kujaa, damu ya matone, kichwa kuuma. Madhara ni yale yanayoweza kumlaza mtu wodini au kumwachia athari ya kudumu: damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, sukari kupanda, mifupa kupungua nguvu, jeraha la upasuaji. Karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa huyachanganya yote katika orodha moja ndefu, na msomaji huishia kuchagua tiba yenye orodha fupi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuchagua. Swali lenye faida ni lipi kati ya madhara hayo litaangukia mahali ambapo mwili wako tayari una udhaifu, na hilo hutofautiana baina ya wanawake wawili wenye saratani ileile.

Homoni moja, dozi zisizofanana

Dawa zote za msingi katika tiba hii ni za jamii ya projestini, yaani zinaiga projesteroni, homoni ambayo kwa kawaida huutuliza ukuta wa mji wa mimba baada ya estrojeni kuuchochea ukue. Saratani ya aina hii hukua mara nyingi pale estrojeni inapotawala kwa muda mrefu bila mpinzani, kama ilivyo kwa wanawake wenye unene uliopitiliza, kwa kuwa mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni, au kwa wale ambao mayai yao hayapevuki kwa mpangilio na hedhi zao hupotea kwa miezi. Projestini humrudisha mpinzani huyo.

Kwa kuwa projestini ndizo zilizomo katika sindano, vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango, wengi hudhani kwamba tiba hii ni sawa na kupanga uzazi. Jina ni moja ila kiasi hakilingani hata kidogo. Sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni ina miligramu 150 na hukaa miezi mitatu, ilhali mgonjwa wa saratani anayemeza dawa hiyohiyo hupewa kati ya miligramu 400 na 600 kila siku. Ni kweli kwamba kidonge cha kila siku na sindano inayoachia dawa taratibu havipiti njia moja mwilini, hivyo hesabu si ya moja kwa moja. Hata hivyo tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini mwanamke aliyekaa na sindano miaka mitano bila shida anaweza kushangazwa na vidonge ndani ya wiki sita. Dawa ya pili inayotumika sana, megestroli, hutolewa kwa miligramu 160 hadi 320 kwa siku.

Kitanzi chenye homoni kiko upande mwingine kabisa. Kile kinachotumika kwa tiba hii kina miligramu 52 za levonojestreli kwa ujumla wake, na mwanzoni huachia takriban mikrogramu 20 tu kwa siku, moja kwa moja juu ya ukuta ulio na ugonjwa. Dawa inayovuja kuingia kwenye damu ni kidogo mno, na hapo ndipo chimbuko la karibu tofauti zote zinazofuata. Msomaji asikichanganye na kitanzi cha shaba, ambacho ndicho kilichozoeleka katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki: kile hakina homoni yoyote na hakitibu saratani.

Vidonge: gharama hulipwa na mwili mzima

Dhara la vidonge ambalo wagonjwa hulitambua mapema ni hamu ya kula. Megestroli inaongeza hamu hiyo kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1993 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuwanenepesha wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wamekonda vibaya. Kile ambacho kwa mgonjwa yule kilikuwa ndiyo tiba yenyewe, kwa mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba ni tatizo, kwa sababu kila kilo ya mafuta inayoongezeka ni kiwanda kidogo cha estrojeni ambayo dawa inajaribu kuishinda. Katika miji yetu mtu akinenepa husalimiwa kwa pongezi, "umenawiri, shoga," na mgonjwa anaweza kuyapokea maneno hayo kama dalili kwamba tiba inamkubali. Mizani ya kliniki isomwe kila anapohudhuria, na kabla ya kumeza kidonge cha kwanza ni vyema akawa tayari amezungumza na mtaalamu wa lishe kuhusu ugali, wali, chapati na soda kwa vipimo vinavyoeleweka nyumbani. Kumwambia "punguza kula" wakati dawa yenyewe inamsukuma kula ni kumtupia lawama isiyo yake.

Nyuma ya uzito huja sukari. Megestroli, na kwa kiasi kidogo zaidi medroksiprojesteroni katika dozi kubwa, zina tabia inayofanana na ya dawa za steroidi: hupandisha sukari kwenye damu, zinaweza kuufichua ugonjwa wa kisukari uliokuwa umejificha, na kwa mwenye kisukari tayari zinaweza kumlazimu aongezewe dawa. Tabia hiyohiyo ina upande wa pili usiosemwa mara nyingi. Mwili uliozoea megestroli kwa miezi unaweza kulegeza kazi ya tezi zilizo juu ya figo, na mgonjwa akiacha vidonge ghafla, au akipata maradhi makali au upasuaji wa dharura katikati ya tiba, anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kushuka shinikizo la damu. Ndiyo maana kuacha vidonge kwa uamuzi wa nyumbani kwa kuchoshwa na unene si jambo dogo, na daktari wa meno au wa upasuaji apaswa kuelezwa kwamba dawa hii inatumika.

Dhara linalotisha kuliko yote ni damu kuganda kwenye mishipa. Saratani yenyewe huongeza hatari hiyo, unene huongeza, na projestini za dozi kubwa huongeza juu yake. Katika utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wanawake 28 wenye saratani na 17 wenye hali inayotangulia saratani walipewa medroksiprojesteroni miligramu 600 kwa siku kwa wiki 26, watafiti waliwapa pia aspirini ya dozi ndogo kila siku kama kinga dhidi ya migando. Saratani ilitoweka kabisa kwa asilimia 55 na hali inayoitangulia kwa asilimia 82. Uamuzi wa kumgawia kila mshiriki aspirini unaonyesha jinsi watafiti wenyewe walivyoitazama hatari hiyo, lakini msomaji asijinunulie aspirini dukani, kwani mwenye vidonda vya tumbo au anayetokwa damu nyingi anaweza kuumizwa nayo. Mtu aliyewahi kupata mgando mguuni au mapafuni, kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kawaida hapewi vidonge hivi kabisa, na mvutaji wa sigara huhesabiwa katika hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, hasa baada ya safari ndefu ya basi, au pumzi ikikata ghafla pamoja na kichomi cha kifua, hapo haingojwi siku ya kliniki.

Yapo na mengine: presha kupanda kwa sababu ya maji kubaki mwilini, vipimo vya ini kubadilika, huzuni au hasira za karibu, usingizi kuvurugika, na joto la ghafla. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba medroksiprojesteroni katika dozi kubwa, ikitumika kwa muda mrefu, inahusishwa na ongezeko dogo la uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Hatari hiyo ni ndogo kwa mtu anayetibiwa kwa miezi michache, lakini aliyewahi kuambiwa ana uvimbe huo ni lazima aseme.

Kuna jambo la dawa kugongana ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, na efavirenzi, iliyotumika sana kwa wenye VVU kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake, huliamsha ini livunje baadhi ya projestini haraka zaidi. Kitanzi kinachofanya kazi papo hapo kwenye ukuta hakiathiriki kwa namna hiyo. Dolutegraviri yenyewe imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji, hasa wanawake Waafrika, hivyo kumwongezea megestroli mwanamke ambaye kilo tayari zinapanda kunataka fikra ya ziada.

Kitanzi chenye homoni: maudhi mengi, madhara machache

Kitanzi hakipandishi sukari kwa kiwango cha kuhofiwa, hakimchochei mtu kula usiku wa manane, na hatari yake ya kugandisha damu haikaribii ile ya vidonge vya dozi kubwa. Kwa mwanamke mnene mwenye kisukari au presha, hayo peke yake yanatosha kukiweka mbele kwenye mazungumzo. Chunusi, kichwa kuuma, matiti kuuma na moyo kuwa mzito vinaweza kutokea, ila mara nyingi kwa upole. Vifuko vya maji kwenye ovari huonekana kwa baadhi ya watumiaji na aghalabu hupotea vyenyewe; katika hali hii havipuuzwi, kwa sababu daktari anahitaji kuhakikisha kwamba ovari haina saratani iliyojitokeza sambamba na ile ya mji wa mimba.

Udhia mkubwa wa kitanzi ni damu. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo matone huja na kuondoka bila ratiba, siku nyingine rangi ya kahawia, siku nyingine nyekundu. Kwa mtumiaji wa uzazi wa mpango hili ni kero. Kwa mgonjwa wa saratani ni hofu, kwa kuwa damu isiyo na mpangilio ndiyo iliyompeleka hospitali mara ya kwanza. Kila tone humfanya afikiri kwamba ugonjwa umerudi. Ukweli ni kwamba matone hayasemi lolote la uhakika, si kwa wema wala kwa ubaya: mtu anaweza kutokwa damu ilhali saratani imetoweka, na anaweza kukauka kabisa ilhali bado ipo. Jibu liko kwenye kinyama kinachochukuliwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Damu inayojaza pedi kwa saa moja au inayoambatana na kizunguzungu ni jambo jingine, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Kwa mwanamke Mwislamu matone yasiyokoma ni suala la swala na saumu pia. Wanazuoni hutofautisha hedhi na istihadha, ile damu ya ugonjwa isiyomzuia mwanamke kuswali na kufunga, na tofauti hiyo hutegemea siku na ada yake ya zamani. Akiandika tarehe na rangi ya damu kwenye daftari dogo atakuwa na la kumweleza mwanachuoni na la kumweleza daktari vilevile.

Madhara halisi ya kitanzi yamejikusanya kwenye siku ya kuwekwa na wiki zinazofuata. Maumivu ya kubana kama ya hedhi kali ni ya kawaida, na kwa sababu kwa kawaida kuna haja ya kukisafisha kizazi au kuondoa eneo lenye ugonjwa kwa kamera, madaktari wengi hukiweka papo hapo mgonjwa akiwa bado amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kutoboka kwa kizazi hutokea kwa takriban mwanamke mmoja au wawili kati ya 1,000. Kutoka kwa kitanzi chenyewe hutokea zaidi, karibu mmoja kati ya 20 miongoni mwa watumiaji kwa jumla, na uwezekano huongezeka kwa mwenye fibroidi zinazopindisha uwazi wa kizazi. Uvimbe huo ni wa kawaida sana kwa wanawake wa kwetu, na wapo ambao kitanzi hakiwezi kukaa ndani yao hata kikiwekwa na mkono stadi. Maambukizi, yakitokea, huonekana zaidi katika wiki tatu za mwanzo: homa, uchafu wenye harufu, maumivu chini ya kitovu.

Karatasi ya kitanzi inaweza kumtia mgonjwa kiwewe, kwani imeandikwa wazi kwamba mwenye saratani ya mji wa mimba asiwekewe. Katazo hilo linahusu kukitumia kama uzazi wa mpango bila kuchunguza chanzo cha damu. Kukitumia kama tiba ni uamuzi wa madaktari bingwa, nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye boksi, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa hivyo kabla hajaisoma karatasi hiyo peke yake usiku.

Je, upole huo unapunguza nguvu ya tiba? Ushahidi mwingi wa zamani kuhusu saratani yenyewe ni wa vidonge. Utafiti wa Australia uitwao feMMe, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia wanawake 165 wanene waliowekewa kitanzi hiki, baadhi wakiongezewa metformini, dawa ya kisukari, na baadhi wakisaidiwa kupunguza uzito. Baada ya miezi sita, seli mbaya zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 82 ya waliokuwa na hali inayotangulia saratani na asilimia 43 ya waliokuwa na saratani. Tarakimu hizo zisiwekwe kando ya zile za Japani kana kwamba ni mashindano, maana wagonjwa wa Australia walichaguliwa kwa unene wao na tiba zenyewe hazikugawiwa kwa kura baina ya nchi hizo mbili. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kitanzi kina nguvu sana mahali ambapo saratani bado haijawa saratani kamili, na kwamba mwenye saratani aliyekichagua kwa ajili ya upole wake anahitaji kutokosa hata kipimo kimoja cha kinyama. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2023 inaruhusu vidonge, kitanzi au vyote viwili kwa pamoja, baada ya eneo lenye ugonjwa kuondolewa kwa kamera. Vikitumika vyote, maudhi nayo hujumlishwa.

Vinavyoongezwa juu

Wakati mwingine kitanzi huandamana na sindano ya kuzima ovari kwa muda, kama goserelini, inayochomwa kila baada ya siku 28. Familia zenye baba au babu aliyetibiwa saratani ya tezi dume huenda zinaifahamu kwa jina la Zoladex, maana ni dawa ileile. Kwa mwanamke huleta ukomo wa hedhi wa bandia: joto linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, ukavu ukeni, hamu ya tendo la ndoa kushuka, viungo kuuma. Mifupa hupoteza madini, ndiyo sababu kwa kawaida haivushwi miezi sita bila kinga. Mwanamke ambaye tayari ana mifupa dhaifu, au aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, asiikubali kabla ya jambo hilo kuzungumzwa.

Metformini ni nyepesi zaidi: tumbo kuunguruma, kuharisha, ladha ya chuma mdomoni, ambavyo hupungua ikimezwa pamoja na chakula na dozi ikipandishwa taratibu. Mwenye figo dhaifu aseme. Anayetumia dolutegraviri aseme pia, kwa kuwa dawa hiyo huongeza kiwango cha metformini kwenye damu, na kwa kawaida haivuki miligramu 1,000 kwa siku.

Kutolewa kizazi

Ni rahisi kwa makala ya aina hii kuuweka upasuaji kwenye upande wa hofu na dawa kwenye upande wa matumaini, jambo ambalo si haki. Saratani ya mji wa mimba ambayo haijavuka nje ya mji huo ni miongoni mwa saratani zenye matokeo mazuri. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu wanawake 95 kati ya 100 wa kundi hilo huwa hai baada ya miaka mitano, na wengi wao wametibiwa kwa upasuaji. Madhara ya upasuaji ni makubwa lakini mengi ni ya siku chache zinazojulikana: kutokwa damu, maambukizi ya kidonda, kuumizwa kwa kibofu au mirija ya mkojo, damu kuganda baada ya kulala muda mrefu. Kwa mwanamke mnene hatari za dawa ya usingizi na za kidonda kufumuka huongezeka, na hapo ndipo kitanzi huwafaa hata wale wasiotaka tena kuzaa, ambao miili yao haiwezi kuhimili kisu kwa wakati huo.

Yanayobaki ni mawili. La kwanza ni kutozaa, ambalo katika jamii zetu lina gharama isiyoandikwa kwenye faili lolote. Mkwe anaweza kuuliza, na ndoa inaweza kutikisika. La pili ni kukoma hedhi kwa ghafla iwapo ovari zitaondolewa kwa mwanamke wa miaka 30, pamoja na joto, ukavu, na athari za muda mrefu kwa mifupa na moyo. Hili la pili halina ulazima kwa kila mtu. Kwa baadhi ya vijana wenye saratani ya daraja la kwanza ambayo haijapenya, ovari zinaweza kuachwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini. Wengi hawaulizi kwa kudhani kwamba kizazi na ovari ni kitu kimoja.

Uzani unavyobadilika kwa mtu na mtu

Mwanamke wa miaka 29, mwembamba, asiye na kisukari wala presha, mwenye fibroidi inayobonyea ndani ya kizazi, ana sababu nzuri ya kuchagua vidonge: kitanzi huenda kisikae, na mwili wake una nafasi ya kubeba athari za dozi kubwa akisimamiwa vizuri. Mwenzake wa miaka 34 mwenye kilo nyingi, sukari inayopandapanda na mama aliyefariki kwa mgando wa mapafu yuko mbali sana na vidonge, hata kama kliniki yake inavyo na kitanzi kinahitaji kuagizwa. Aliyewahi kuugua sonona baada ya kujifungua au alipotumia sindano ya uzazi wa mpango alitaje hilo siku ya kwanza, kwani huwa halionekani kwenye vipimo vya damu. Mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuwa nayo, hahusiki na projestini za aina yoyote mpaka madaktari wake wa pande zote mbili wakutane.

Umbali nao una uzito. Anayeishi Kigoma au Lamu na kulazimika kusafiri siku nzima kufuata MRI na kipimo cha kinyama anachagua pamoja na nauli yake. Kitanzi hakisahauliki kumezwa wala hakiishi boksi likiwa mbali, lakini hakimwondolei safari za vipimo. Na tiba yoyote ya homoni isiyo na vipimo vya miezi mitatu hadi sita ni kuiacha saratani ikue kimyakimya chini ya dawa. Asiyeweza kuzimudu safari hizo ana sababu ya kweli ya kuufikiria upasuaji mapema, na asionekane amekata tamaa.

Yanayoondoka na yanayobaki

Kitanzi kikitolewa, homoni yake huisha mwilini ndani ya siku chache na matone hukoma au hugeuka hedhi. Vidonge vikiachwa kwa utaratibu, sukari na presha mara nyingi hurudi chini, lakini uzito haurudi kwa hiari yake. Kilo zilizopatikana kwa miezi tisa zinaweza kumfuata mwanamke hadi kwenye ujauzito, ambapo nazo huleta kisukari cha mimba na presha. Mifupa iliyopungua madini kwa sindano hujijenga tena kwa sehemu kubwa. Ovari zilizoondolewa hazirudi, ingawa kwa saratani changa ya daraja la kwanza daktari anaweza kufikiria homoni mbadala.

Hesabu hii ina mzunguko wa pili ambao wachache huuona mwanzoni. Uchambuzi wa tafiti 34 uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya wanawake 408 wenye saratani changa waliotibiwa kwa projestini, ulionyesha kwamba ugonjwa ulififia kwa asilimia 76.2 ya wanawake hao, ukajitokeza tena baadaye kwa asilimia 40.6, na waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 28. Kwa hiyo wapo wanaoanza tena duru ya pili ya dawa, wakiwa na uzito na sukari walivyoviacha duru ya kwanza, na ni halali kwa aliyeteswa na vidonge kuomba kitanzi safari hii. Ugonjwa usipotoweka ndani ya mwaka mmoja, kwa kawaida dawa husitishwa na upasuaji hupangwa. Hata aliyepona na kujifungua hushauriwa kutolewa kizazi mara anapomaliza kuzaa. Mwanamke anayelinganisha maudhi ya kitanzi na madhara ya upasuaji kwa hiyo anapaswa kujua kwamba mara nyingi halinganishi kimoja badala ya kingine: analinganisha miezi au miaka michache ya homoni, ambayo ndani yake anatafuta mtoto, na upasuaji uleule utakaomsubiri mbele.